Babu Yako Yumo Kwenye Hati ya Jirani

Muulize mtu wa Tanga habari za babu wa babu yake, na kama nyumbani kuna kisa chochote cha zamani, kisa hicho kitakuwa na bunduki. Babu alikuwa askari wa Mjerumani. Babu alipigana Vita vya Tanga, akawarudisha baharini Waingereza na jeshi lao la Wahindi, nyuki wakimsaidia. Wajukuu wa leo, wenye simu na bando, wameanza kumsaka babu huyo kwenye kumbukumbu za jeshi: wanaandika barua pepe Berlin, wanapekua orodha za makaburi ya vita, wanapiga picha nishani zilizopauka na kuwauliza watu wasiowajua maana yake. Nia yao naiunga mkono. Ila wengi wao wamebisha hodi nyumba siyo. Kumbukumbu za jeshi ndizo maskini kuliko zote kwa mtu anayetafuta ukoo wa Kiafrika, na zile za ardhi, ambazo hakuna anayezionea fahari, ndizo zilizoandika jina la babu, la baba yake na la majirani zake.

Hesabu yenyewe haikubali. Mwanzoni mwa 1914 jeshi la Wajerumani katika koloni zima, Bukoba hadi Lindi, lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kampuni 14. Jenerali Aitken wa Waingereza alipoanza kuwashusha watu wake wapatao 8,000 pale Ras Kasone tarehe 2 Novemba mwaka huo, waliokuja kumkabili chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, walikuwa takriban 1,000, Wazungu wakiwemo. Wengi waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Walikuwemo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na pia Wasudani, ambao wa kwanza wao Wissmann, ofisa wa Kijerumani, aliwachukua Misri mwaka 1889 aje nao kumvunja Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Mtu wa Tanga huenda hakukosekana kati yao, lakini hawezi kuwa babu wa kila nyumba ya Ngamiani na Chumbageni.

Upande wa pili wa hesabu ni wapagazi. Kwa Waingereza peke yao, waliobeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja, na vifo vilivyoandikwa vinakaribia 95,000. Mjerumani naye alikuwa na wake, aliowakusanya popote alipopita. Kwa hiyo kama vita ile ilimgusa babu yako kwa namna yoyote, uwezekano mkubwa ni kwamba alibeba mzigo. Hilo hakuna anayelirithisha. Sijawahi kumsikia mtu akijisifu harusini kwamba babu yake alibeba sanduku la risasi la ofisa kutoka Korogwe hadi Rufiji akarudi na ugonjwa wa kuhara.

Na aliyekuwa askari kweli, karatasi zake ziko wapi? Hifadhi kuu ya nyaraka za jeshi la Ujerumani ilikuwa Potsdam, na mabomu ya Aprili 1945 yaliichoma. Kilichobaki Berlin kwa sehemu kubwa ni majalada ya wizara ya makoloni. Kilichobaki kwetu, katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ni majalada ya utawala wenyewe, yale ambayo wataalamu kutoka Ujerumani walikuja kuyapanga mwishoni mwa miaka ya 1960 na UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni hazina kubwa. Lakini ukiyafungua kumtafuta askari mmoja mweusi, utakuta anahesabiwa pamoja na bunduki na nyumbu: wangapi wazima, wangapi wagonjwa, wangapi wametoroka. Jina lake linajitokeza akipandishwa cheo, akiadhibiwa, au akidai fedha.

Madai ya fedha yana kisa chake, na kinasimuliwa sana. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasemekana ofisa wa benki aliyetumwa kulipa alikuta wazee wapatao 350 wamejikusanya Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi akamwita kila mmoja mbele, akampa ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani kufanya gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu kinachekesha. Mimi nakisoma kama taarifa ya hali ya nyaraka. Mlipaji mwenye orodha ya majina mkononi hana haja ya ufagio.

Waingereza walikuwa na desturi yao, nayo ni namba. Kikosi cha sita cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kilianzishwa mwaka 1917, na wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa wa Mjerumani waliotekwa, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa ametumikia majeshi mawili, tena kwa majina mawili. Kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, zipo shajara za vita za vikosi vya KAR. Maofisa wanatajwa kwa majina, askari ni idadi. Hata hivyo shajara hizo zinaeleza kikosi kililala wapi siku gani, kwa hiyo mwenye kujua kikosi cha babu anaweza kumfuata kambi kwa kambi bila kuliona jina lake hata mara moja. Nishani ya Vita ya Kwanza nayo isitazamwe usoni tu. Igeuze ubavuni, pale kwenye ukingo mwembamba ambao vidole vya warithi vimeulainisha, usome kwa kioo cha kukuzia: namba, cheo, jina, kikosi. Nishani za Vita ya Pili kwa kawaida hazikuandikwa chochote ukingoni, kwa hiyo nyota ya Burma iliyomo kabatini inathibitisha kwamba mtu fulani alipewa nyota ya Burma, basi.

Msaada mwingine ni vyeo. Mzee aliyeitwa Ombasha au Shaushi mpaka anazikwa, jaribu kwanza upande wa Mjerumani. Aliyeitwa Koplo au Sajini, upande wa Mwingereza. Efendi anachanganya, kwa sababu KAR nao walikuja kukitumia cheo hicho miaka ya 1950.

Kwa Vita ya Pili, ambayo Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000, hali ni nafuu kidogo. Waliokufa wanatafutika kwa majina katika kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Tume hiyo hiyo ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika. Kukiri ni jambo jema. Lakini majina ambayo hayakuandikwa 1917 hayawezi kuandikwa leo kwa kuomba radhi.

Sasa tuje kwenye mashamba.

Huku Mrima, tangu kabla ya Wajerumani, shamba la minazi likiuzwa au kuwekwa rehani kulikuwa na mwandishi na mashahidi, mara nyingi kadhi mwenyewe, na hati ikaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati ya namna hiyo ni karatasi moja tu, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kukatika. Muuzaji anatajwa yeye na baba yake, wakati mwingine na babu na taifa lake. Mnunuzi vivyo hivyo. Kisha inakuja mipaka: upande wa kibla (kaskazini) shamba la fulani bin fulani, suheli (kusini) njia iendayo mtoni, matlai (mashariki) minazi ya bibi fulani binti fulani, maghribi shamba la warithi wa fulani. Chini mashahidi, nao na baba zao.

Hesabu majina hayo. Muuzaji, mnunuzi, majirani watatu, mashahidi wawili, kila mmoja na mzazi wake: watu zaidi ya kumi katika karatasi inayoenea kiganjani. Neno “warithi” pale maghribi linakwambia kwamba jirani yule alikuwa ameshafariki siku hati inaandikwa na shamba halijagawanywa. Na majirani hawa ndio waliooana. Ndiyo maana nasema utakayemtafuta kwenye hati ya familia yenu unaweza usimpate, ukamkuta kwenye ya jirani, amesimama kama mpaka wa upande wa suheli. Hakuna orodha ya kikosi itakayokuonyesha mtu katikati ya watu wake namna hiyo.

Mjerumani alipoinunua pwani hii kwa Sultani mwaka 1890 kwa marki milioni 4, aliikuta ardhi yenye wenyewe. Amri ya Novemba 1895 ikatangaza kwamba ardhi yote ni ya taji la Ujerumani isipokuwa pale mtu binafsi, machifu au jamii ya wenyeji watakapothibitisha haki yao. Kwa ajili hiyo zikatumwa komisheni za ardhi. Kanuni iliwataka wawabakizie wanavijiji eneo mara nne ya lile walilokuwa wakilima, na ili kulipima ilibidi waulize kijiji ni cha nani na jumbe ni nani. Ni dhuluma, sina neno lingine, na majalada yaliyoendesha dhuluma hiyo ndiyo leo yanayoonyesha nani alikuwa akiishi wapi kabla ya mkonge. Kuanzia 1898 ikaongezwa kodi ya kibanda, rupia 3, na ili kodi ipatikane akida na jumbe walipaswa kujua kila kibanda ni cha nani. Mtoza kodi alikuwa na hamu na babu yako kuliko jenerali yeyote.

Ukiondoka pwani ukapanda Muheza, Handeni au Lushoto, hati zinapungua haraka. Sheria ya Ardhi ya 1923 ya Waingereza iliendelea kuzitambua milki zilizosajiliwa enzi ya Mjerumani, lakini mkulima aliyeshika shamba kwa mila hakuandikwa popote. Huko mshike hakimu. Mashauri ya mabaraza ya wenyeji, ya mipaka, ya miembe, ya mahari isiyorudishwa, yamejaa watu wanaosimama na kutaja nasaba zao kwa kiapo: mimi fulani, pori hili alilifyeka babu yangu fulani, akamwachia mjomba. Ni ukoo uliosemwa kwa sauti na karani akauandika. Usome kwa tahadhari, maana nasaba inayosemwa ili kushinda shamba hurefuka panapohitajika na kufupishwa inapomkaribia mpinzani. Lakini pande mbili zikigombana na zote mbili zikamtaja babu mmoja, huyo mshike.

Kuna faida nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Jeshini mwanamke hayumo. Wake za askari walifuatana na kampuni, walipika, walibeba, walizaa njiani, lakini orodha haikuwajua. Kwenye ardhi bibi yumo, kwa sababu mirathi ya Kiislamu inampa fungu, na mwenye fungu hutajwa linapouzwa, hata kama aliyeshika kalamu angependa amruke. Ukoo unaofuatwa kwa askari peke yao unatoka nusu, wanaume wakiwa wamezaliwa na wanaume.

Faida hiyo ina gharama yake. Hati za mashamba zinataja pia watumwa na waliokuwa watumwa. Mtu ameandikwa kwa jina moja, Feruzi au Mabruki, bila baba, ila kwamba ni huru wa fulani. Serikali ya Mjerumani ilitoa maelfu kwa maelfu ya vyeti vya uhuru, ikatangaza kwamba atakayezaliwa na mtumwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Hiyo ni karne moja tu. Wako watu Tanga ambao bibi zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo. Ukiona nasaba inatelemka vizuri mpaka kizazi cha tatu halafu inaishia kwa “bin Abdallah” ambaye hakuna anayemjua kwao ni wapi, jiulize kabla hujamuuliza mzee mbele za watu. Wazee wakisema hayo yaacheni, si kwamba wamesahau. Wanakumbuka vizuri nani alimwoa nani na nani alikataliwa posa kwa sababu gani. Mimi nadhani tuyaseme, kwa upole na ndani ya nyumba kwanza, kwa sababu mtoto atayakuta mwenyewe siku majalada yatakapopandishwa mtandaoni, na atayakuta yameandikwa kwa kalamu ya mgeni.

Jambo la kiufundi nilitaje haraka. Karani wa Kijerumani aliandika alivyosikia kwa herufi za kwao. Juma ni Djuma, shamba ni Schamba, Chumbageni ianze na Tsch. Anayetafuta kwa tahajia ya leo atasema babu hayumo na kumbe wamepishana mlangoni.

Kwa nini basi watu hawaendi kwenye ardhi? Fahari nimeshaisema. Sababu nyingine ni kwamba ofisi za ardhi zimezoea mgeni wa aina moja. Ingia kwenye masjala yoyote ya ardhi, omba kufanya upekuzi wa jalada la 1910, na swali la kwanza litakuwa: “Shikamoo mzee, kesi iko mahakama gani?” Simlaumu karani. Waliokutangulia walikuja na hati za babu wakidai mashamba ya mkonge, viwanja vya ufukweni, nyumba zenye wapangaji. Sheria ya 1963 ilishazigeuza milki huru, pamoja na zile za enzi ya Mjerumani, kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa mwaka 1967. Na sheria za ardhi za 1999 zikaweka utaratibu tunaotumia sasa. Hati ya 1910 ikikaa peke yake haikurudishii shamba, na anayekuahidi kwamba itakurudishia anataka ada yake ya uwakili. Lakini kwa sababu ya madai hayo kila karatasi ya zamani inaonekana kama silaha, na mtu anayetaka kujua tu mama wa bibi yake alikuwa nani anarudishwa pamoja na matapeli.

Hapo ndipo serikali inaweza kufanya kitu kisicho ghali. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inataka nyaraka za umma zifunguliwe baada ya miaka 30. Jalada la ardhi hukwepa kanuni hiyo kwa sababu halifi: kiwanja kikiuzwa leo, jalada la mwaka 1930 linatolewa tena kabatini na kuhesabika bado linatumika. Basi jalada libaki ofisini, ila yatolewe majina. Faharasa ya majina ya wamiliki, majirani na mashahidi, na mwaka, bila namba ya kiwanja wala ramani, haimpi mdai chochote cha kupeleka mahakamani, na mtafuta ukoo inampa karibu kila kitu. Wanaosoma Kiarabu cha hati za zamani bado wapo Tanga, madrasa zinao. Walipwe wafanye kazi hiyo.

Wakati tukisubiri, anayetaka kuanza aanze kwa shangazi mkubwa, yule mwenye sanduku. Asimwombe hati, amwombe kuisoma hapo hapo mbele yake. Anakili majina ya mipaka, kisha aulize wajukuu wa majirani hao wanaishi barabara ya ngapi Ngamiani. Wengi hawajaenda mbali.

Haya yote yanamsaidia mtu ambaye kwao walikuwa na shamba. Sehemu kubwa ya Tanga hawakuwa nalo. Walikuja kukata mkonge kutoka Songea, Njombe, Kigoma na Tabora, na kuanzia 1944 walikusanywa na Silabu, ofisi ya waajiri ya kuandikisha vibarua, wakapewa namba na kipande cha siku 30 za kazi. Kwenye masjala ya ardhi ya Tanga hawatapatikana kamwe, kwa kuwa ardhi waliyoilima ilisajiliwa kwa jina la kampuni. Rekodi zao ni vitabu vya mishahara vya mashamba, ambavyo vimepita kwa wenye mali wa kwanza, kwa shirika la umma, na kwa wawekezaji waliofuata, stoo kwa stoo. Wajukuu wa manamba, yaani vibarua hao, wanatakiwa kwenda kuviulizia kwenye ofisi za mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani, na waombe kwa maandishi, ili kama jibu ni kwamba vimechomwa, iwepo angalau barua inayosema nani alivichoma na lini.